Anayejua Anyamaze

Nakumbuka Ijumaa moja kule Balangdalalu, mwanangu, siku niliyopiga makofi mahali ambapo mtu mwenye akili angekaa chini akalia. Nimekaa na siku hiyo miaka zaidi ya thelathini na bado sijaizoea. Utanisamehe nikinyamaza kidogo katikati, maana ni uzee, na ni aibu pia.

Juzi ulikuja hapa kwangu Mbulu na karatasi zako. Ulisema umechoka kusikia watoto wakiimba majibu wasiyoyaelewa, na kwamba unataka kufungua shule ndogo ambako watoto watachagua maswali yao wenyewe na kuyatafutia majibu. Uso wako uling'aa. Nilikupa chai, nikakusikiliza, sikusema neno, nawe ukaondoka ukidhani bibi huyu haelewi mambo ya siku hizi. Naelewa, mwanangu. Shule kama hiyo mimi niliifungua kabla mama yako hajaolewa. Kilichonifunga mdomo ni kwamba kwenye ukurasa wako wa kwanza nilikuta kanuni ambayo niliwahi kuitunga mimi kwa kiburi changu, na hukuisikia kwangu: mwanafunzi anayejua jibu asiwaambie wenzake. Sikujua kwamba kosa langu linaweza kuzaliwa upya kwenye kichwa cha mtu mwingine, tena mtu mwema. Ndiyo maana nimekuita tena uje na karatasi zako; keti nikuambie ninachokijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, umri ambao mtu anajiona amefika na kumbe hata safari hajaanza. Nilizaliwa huku juu kwenye baridi, nikaolewa na Mwiraqw mwenzangu ambaye familia yake ilishuka Hanang, huko huko Balangdalalu, kutafuta mashamba. Nilifundisha shule ya msingi miaka mitano, chaki mkono huu, fimbo mkono ule. Siku moja nilimchapa mtoto aliyeniuliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea. Nilipofika nyumbani nilijiuliza nimemchapa kwa kosa gani, nikakosa jibu. Hata wiki mbili hazikupita nikaacha kazi. Mume wangu alishtuka, na mama mkwe alishtuka zaidi, akawa anawaambia majirani kwamba nimerogwa.

Paroko alituazima ghala la zamani la kanisa. Tukaliita kituo, kwa sababu kitu kikiitwa shule kina masharti yake. Watoto walikuwa kumi na mmoja, wengi wao ni wale waliokuwa wameshindikana kwingine. Kila Jumatatu walichagua swali moja, wiki nzima wakalitafutia jibu kwa mikono na macho yao, na Ijumaa wakatueleza walichopata. Watu walikuja kuchungulia dirishani, wakacheka, wakatuita Shule ya Maswali. Mimi jina hilo nililipenda. Kuuliza si ujinga, niliwajibu, na nilijiona hodari kwelikweli.

Kati ya wale kumi na mmoja, kumi walikuwa watoto wa wakulima, Wairaqw kama mimi. Wa kumi na moja alikuwa msichana wa Kibarbaig, mtoto wa wafugaji, jina lake Udabeda, wa miaka kumi hivi. Babu yake, mzee Gidamis, ndiye aliyemleta kwa miguu kutoka kwenye boma lao, fimbo begani.

"Huyu anauliza sana," aliniambia. "Nyumbani kuna ndama, kuna maji, yeye anauliza. Chukua wewe."

Usidhani lilikuwa jambo dogo. Baba wa mtoto hakutaka, na ukoo wao wote ulikuwa unatazama. Kabla yake hakuna msichana wa bomani kwao aliyewahi kukaa darasani, na kila mtu alijua kwamba huyu akiharibikiwa, hakutakuwa na wa pili. Mzee Gidamis aliweka heshima yake juu ya meza yangu, na mimi niliipokea kwa mkono mmoja kama mtu anayepokea chenji dukani.

Sasa sikia. Nyuma ya ghala palikuwa na tuta kubwa la udongo lililoota nyasi, refu kuliko mtu mzima. Nyumba yetu ilikuwa jirani, nilikuwa nimeishi pale miaka sita. Nilianika nguo karibu nalo, mbuzi wangu walipanda juu yake, na siku zote nilijua ni kichuguu cha zamani. Nilijuaje? Nilijua tu. Huku kwetu milimani vichuguu viko tele.

Jumatatu moja mvulana anayeitwa Bura, mtoto mwenye akili kama wembe, akasema, "Mwalimu, mbona kile kichuguu hakina mchwa?"

Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Swali safi kama hilo ndilo nililoachia kazi! Nikaliandika ubaoni. Hapo Udabeda akasimama, maana wakati huo mtoto hakuongea na mwalimu akiwa amekaa, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi najua kile."

"Vizuri sana," nikamwambia. "Basi wewe unayejua, nyamaza. Usiwaharibie wenzako kazi."

"Lakini mwalimu..."

Nikaweka kidole mdomoni nikamtabasamia. Ndiyo, mwanangu, nilitabasamu, kwa sababu niliamini kwamba jibu la kuambiwa ni chakula kilichotafunwa na mwingine, na mtoto anayeambiwa hajifunzi kitu. Nilikuwa nimewaimbisha kanuni ile: anayejua anyamaze, asiyejua atafute. Udabeda akakaa.

Jumanne wakaanza kuchimba kwa majembe ya mikono. Waliimba, wakabishana, wakapima kina kwa kamba, na mimi nilizunguka na daftari langu nikiandika kila mtoto amefanya nini. Udabeda alikaa mbali chini ya ukuta, ametugeuzia mgongo. Nikaandika: Udabeda hana udadisi. Daftari lile ninalo mpaka leo. Nimejaribu kulichoma mara mbili nikashindwa.

Udongo uliotoka ulikuwa mzuri ajabu, laini, usio na mawe. Mimi ni binti wa mkulima, na wewe unajua kwetu udongo wa kichuguu ni dawa ya sakafu. Ghala letu lilikuwa na vumbi na funza, watoto walikuwa wakijikuna miguu kutwa. Basi Jumatano nikasema tusiutupe. Tukauchanganya na kinyesi cha ng'ombe na maji, tukasiriba sakafu nzima ukuta hadi ukuta, mimi mwenyewe nimepiga magoti. Ilikauka ikawa nyororo. Nilijisifu kwamba swali moja limetupa elimu na sakafu juu yake.

Alhamisi asubuhi Udabeda alifika akasimama mlangoni. Wenzake wakaingia, yeye hakuingia. Vidole vya miguu yake viliishia pale pale udongo mpya ulipoanzia. Nikamwambia, "Ingia." Akanitazama. Nikamwambia tena, "Ingia, au rudi nyumbani." Unaona, sikumuuliza kwa nini. Mimi, mwenye Shule ya Maswali, nilikuwa na mtoto anatetemeka mlangoni kwangu, na swali la maneno mawili lilinishinda. Akarudi nyumbani. Nikaandika: mkaidi.

Ijumaa ikafika. Bura alisimama mbele, kifua mbele, akatandika gunia sakafuni na kuweka vitu vyao juu yake: vipande vya magogo yaliyooza, na bangili ya shaba iliyogeuka kijani.

"Magogo haya yalikuwa yamesimama kwa mzunguko," akasema. "Mchwa hawajengi kwa nguzo. Kwa hiyo kile si kichuguu. Kimejengwa na watu."

Hapo ndipo nilipopiga makofi. Nilipiga kwa nguvu, na watoto wote wakapiga, ghala likavuma. Nikainua ile bangili juu nikauliza, "Sasa, nani alikijenga, na kwa nini?" Nikageuka kuelekea mlangoni kutafuta mwanga wa kuiangalia vizuri, na mlangoni alikuwa amesimama mzee Gidamis. Udabeda alikuwa nyuma yake.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Hakuipokea. Nimezaliwa na kukulia katika nchi hii na sijawahi, kabla ya siku ile wala baada yake, kuona mzee akiacha shikamoo bila kuipokea. Nilijua kuna kitu kibaya kabla sijajua ni kitu gani.

"Toa watoto," akasema.

Watoto wakatoka. Yeye hakuvuka kizingiti.

"Ile ni bung'eda," akasema. "Ya baba yangu."

Bung'eda, mwanangu, ni kaburi. Wala si la kila mtu. Mbarbaig mwenye heshima kubwa akifariki, ukoo mzima hukusanyika kwa miezi, wanasimamisha nguzo, wanapandisha udongo juu ya kaburi lake mpaka liwe kama mlima mdogo, na siku ya mwisho mtoto wake wa kiume anapanda juu yake mbele ya watu wote. Miaka ikipita nguzo zinaoza, udongo unashuka, nyasi zinaota, na mgeni anapita anaona tuta.

"Siku ya mwisho mimi nilipanda juu," akasema mzee. "Nilikuwa kijana. Mvua ilinyesha."

Halafu akashusha macho akaiangalia sakafu yangu. Aliiangalia polepole, kutoka mlangoni mpaka chini ya ubao nilipokuwa nimesimama. Nami nikaiangalia. Mwanangu, nilikuwa nimesimama juu yake na viatu. Bangili ya marehemu ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilitaka kuruka, lakini nitarukia wapi? Kila upande ulikuwa ni ule ule. Nikabaki nimenyanyua mguu mmoja kama kuku, mtu mzima mimi, mwalimu.

"Wewe unafundisha watoto kuuliza," akasema. "Sawa. Hapa umekaa miaka sita. Wewe uliuliza nani?"

Nikainama, nikaiweka bangili juu ya gunia.

Jumamosi kukawa na kikao, wazee wao, wazazi wa watoto wetu, na paroko. Watu walikuwa na hasira ya zamani. Matrekta yalishapita juu ya makaburi yao mengi katika tambarare zile, watu wakaambiwa ni mashamba tu, na sasa mwalimu naye amechimba lingine akalifanya sakafu. Baba wa Udabeda alitaka kituo kibomolewe siku ile ile. Wazazi wa Kiiraqw walikuwa wameinamisha vichwa. Baadaye niliambiwa kwamba baadhi yao walijua tangu zamani tuta lile ni nini, ila walidhani na mimi najua. Hilo nalo lilinishtua. Hakuna aliyenificha, kwa sababu hakuna niliyemwuliza.

Kisha baba yule akamgeukia bintiye. "Wewe ulijua," akamwambia. "Ulikaa unaangalia wanamchimba babu yangu. Kwa nini hukusema?" Na fimbo ilikuwa juu tayari.

Udabeda hakulia. Alinitazama mimi akasema kwa Kiswahili, watu wote wasikie, "Mwalimu alisema anayejua anyamaze."

Kikao chote kikanigeukia. Nami nitakuambia ukweli, kwa sababu mficha uchi hazai: sikusema mara moja. Nilifikiria kituo changu. Nilifikiria kwamba nikikaa kimya, labda wataona mtoto anajitetea. Ilikuwa muda mfupi tu wa kumeza mate, lakini mtoto aliuona. Niliona machoni mwake kwamba ameuona. Ndipo nikasema, "Ni kweli. Alitaka kusema, nikamkataza."

Fimbo ikashuka bila kumgusa mtoto. Mzee Gidamis akaniambia maneno ambayo ningetamani ningechapwa kuliko kuyasikia.

"Kwetu ng'ombe akiingia shamba la mtu, mtoto ameona, amenyamaza, huyo tunachapa. Mtoto lazima aseme. Sisi tulimfundisha kusema. Wewe umemfundisha kuona na kunyamaza. Hiyo ni elimu gani, mwalimu?"

Waliamua hivi. Nilete asali ya wazee ya kuomba radhi, kama desturi inavyotaka. Udongo wote ubanduliwe sakafuni urudishwe kaburini, na aurudishe mwalimu kwa mikono yake. Bura na wenzake waliomba kusaidia, mzee akawakataza. "Watoto hawana kosa," alisema. Nilibandua kwa jembe na kwa kucha siku tatu, nikabeba kwa ungo. Hapo ndipo nilipofahamu kwa mwili wangu kwamba maji yakimwagika hayazoleki, maana udongo ulikuwa umeshachanganyika na kinyesi na vumbi la ghala, na hakuna aliyeweza kuniambia upi ni wa mzee na upi si wake. Nikarudisha wote. Nililia njia nzima, na sikujificha.

Na kituo? Walikiacha. Mzee Gidamis mwenyewe ndiye aliyesema kibaki. Nilidhani nimesamehewa kila kitu, nikaanza kumshukuru, akanyoosha mkono kunizuia, akamshika Udabeda begani. "Shule ibaki," akasema. "Huyu narudi naye."

Nilimwomba. Nilipiga magoti. Nikamwambia mtoto ana akili, anauliza maswali kuliko wote. Akaniambia, "Alikuwa anauliza. Wiki hii nzima nyumbani hajauliza kitu."

Wakaondoka. Baada yake, kwa miaka yote niliyofundisha pale, hakuna boma lao hata moja lililoniletea msichana. Kanuni nilibadilisha. Kila Jumatatu nilianza kwa kuuliza nani kati yetu anajua tayari, na nani kijijini anajua, na tulikwenda kuwauliza wenyewe kwanza, tukiwa na shikamoo mdomoni, kabla ya mtu kushika jembe. Watoto wale walijifunza vizuri mno. Bura sasa ni mtu mzima, anachimba visima, na hachimbi mpaka azungumze na wazee wa mahali. Nafurahi nikisikia hivyo. Lakini majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu nilikuja kukutana naye mwaka jana.

Nilikuwa nimekwenda Haydom kutibiwa magoti haya. Nimekaa kwenye benchi nasubiri, mwanamke wa makamo akaja akasimama mbele yangu. "Shikamoo mwalimu." Nilimjua kwa macho yale: Udabeda. Nikampa nafasi akae, nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo. Alijibu kila swali vizuri, na kila akimaliza kujibu alinyamaza, akatazama mikono yake. Mwishowe nikamuuliza nilichotaka kumuuliza miaka yote: kama ana kinyongo na mimi.

Akacheka kidogo. "Hapana, mwalimu. Mimi sina maneno na mtu. Mpaka leo watu wakikaa wanazungumza, hata jambo nalijua, mimi nasubiri kwanza waniulize."

Hakusema kwa kunilaumu, mwanangu. Alisema kama mtu anayekuambia kwamba alizaliwa mfupi. Wakaniita jina langu ndani kwa daktari mara mbili na sikulisikia. Udongo niliurudisha, magogo niliyarudisha, bangili niliirudisha kwa mikono miwili. Sauti ya mtoto yule sikuirudisha, na hata sikujua kwamba nimeondoka nayo.

Kwa hiyo fungua shule yako. Sikukatazi, wala usije ukasema bibi amekukatisha tamaa. Nchi hii ina kiu ya watoto wanaouliza. Ila chukua kalamu ufute kanuni ile sasa hivi, hapa mbele yangu, nikuone. Mtoto akisimama akasema najua, acha chaki, acha ratiba, acha hata swali lako zuri, umsikilize mpaka amalize, kwa sababu huwezi kujua amebeba nini. Anaweza kuwa amekosea, naye atajifunza kwamba amekosea. Lakini usimnyamazishe kwa tabasamu. Fimbo mtoto anaijua ni adui, atajikinga nayo. Tabasamu atalitii maisha yake yote. Na kabla hujaweka msingi, nenda ukaulize pale ni mahali pa nani. Usimwulize mtendaji wa kijiji peke yake. Waulize wachungaji, waulize bibi wanaookota kuni, uliza mara ya pili hata kama unadhani umeelewa. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, usimeze mate kwanza. Sema pale pale. Kuna mtoto anakutazama.

Haya, inamisha kichwa nikubariki kama wazee wetu walivyonibariki mimi, ingawa sikustahili. Mungu akupe mvua ya taratibu na jua la kiasi. Akupe watoto wasumbufu. Ardhi utakayojenga ikukubali, na waliolala ndani yake walale. Asitoke mtu mlangoni kwako akiwa amepungua, na ulimi wa mtoto uliyekabidhiwa urudi nyumbani kwao ukiwa mzima. Amina, mwanangu. Nenda salama.